Kifaru Changu Kinasaga Mahindi

Juzi anko alikuja kwangu, akakuta kifaru cha plastiki mezani, kimefunguliwa tumbo, waya nje nje. Hata salamu hakutoa. "Kijana, uliacha chuo uje uchezee tois?" Nikanyamaza, maana alikuwa amebeba mkate na maziwa, na aliyekuja na mkate hajibiwi hovyo. Sasa ameenda. Namjibu hapa.

Kifaru chenyewe ni Tiger, cha Mjerumani, Vita vya Pili, kipimo cha 1/16, kinaendeshwa kwa rimoti. Nilikinunua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama. Sauti yake ilikuwa aibu: mlio mwembamba kama nzi ndani ya chupa, kiende kisiende ni ule ule.

Wajuaji wa hizi modeli wana jibu moja tu: agiza kadi ya sauti kutoka ng'ambo. Bei yake ilizidi ya kifaru. Tena lazima ilie kama Maybach, silinda 12, kwa sababu Tiger wa kweli alikuwa nayo. Sawa, lakini nani hapa Umoja amewahi kusikia hiyo Maybach? Tiger namba 131, kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, kiko makumbusho ya Bovington, Uingereza, na huwashwa siku chache tu kwa mwaka, watu wakikata tiketi. Huo uhalisi tunamlindia nani, bana?

Nikashuka Luthuli. DFPlayer Mini, kibodi cha ukubwa wa kidole gumba kinachocheza MP3 kutoka kadi ya memori, mia tatu na hamsini. Arduino Nano, ile ya kuigwa, mia nane. Spika niling'oa kwenye redio iliyokufa.

Kazi yake si uchawi. Risiva ya rimoti hutuma pigo la umeme kama mara 50 kila sekunde. (Tois nyingi za bei ya chini hazina pigo hili, changu kilikuja na risiva iliyobadilishwa.) Fimbo ikiwa katikati, pigo hudumu mikrosekunde 1500 hivi, ukisukuma mbele mpaka mwisho, linakaribia 2000. Nano inalipima, kisha inaamua kama injini ingurume polepole au ipande. Weka rezista ya kilo-ohm moja kwenye waya unaotoka Nano kwenda RX, la sivyo spika itanung'unika mpaka uitupe. Na usiweke sauti fupi ya kurudiarudia: hicho kibodi hukata pumzi kidogo kila faili inapoanza upya, na sikio halisamehi. Weka rekodi ya dakika tano nzima.

Kupima pigo nilifundishwa mwaka wa pili. Ubaoni. Muhula mzima, na hakuna aliyeshika hata waya mmoja. Mwaka wa tatu karo ikanishinda. Kwa hivyo anko anaposema niliacha chuo nikacheze, amepindua mambo. Nilichoacha chuoni ni picha ya hii kazi. Kazi yenyewe nimeipata mezani kwangu, kwa pesa isiyofika elfu mbili.

Walinilaumu pia kwamba sikuweka mlio wa mzinga. Eti kifaru bila mzinga ni trekta. Mimi nilikuwa mjini tarehe 25 Juni 2024. Ile milio ninayo tayari, sihitaji kadi ya memori.

Na Maybach sikuweka. Niliweka mashine ya kusaga ya babu.

Ilikuwa injini ya dizeli ya silinda moja, kule shags Kakamega, ya kuwashwa kwa hendeli. Ilianza kwa kukohoa, ikapiga tuk, tuk, kama inafikiria, halafu kibanda chote kikatetemeka na unga ukadondoka kwenye mabati. Likizo moja niliirekodi kwa simu nikiwa nimeifunika na leso ya nyanya kuzuia upepo. Sikuwa na sababu, nilitaka tu kumtumia dada status.

Babu alipofariki, mashine iliuzwa kama chuma chakavu. Pesa zikalipa karo yangu ya muhula mmoja. Anko ndiye aliyeita mnunuzi wa vyuma, na ndiye anayenikumbusha kila Krismasi kwamba nilikula mashine ya mzee bure.

Sawa, niliila. Lakini sauti yake iko hai, anko, kwa sababu ya hiyo toi uliyoidharau ukiwa umeshika mkate. Siku ile ungekaa dakika kumi nikamalizia kulehemu waya mbili, ungeisikia ikitambaa chini ya kiti chako.

Sauti ya hicho kibodi huanzia 0 mpaka 30. Mimi huweka 18 kwa sababu ya majirani. Ukija tena nitaweka 30.