Lugha na Adabu za Wenyewe



Wazazi wengi hutuletea watoto tuwasomeshe Kiarabu, na baada ya miaka miwili mitatu hufurahi kumsikia mtoto akitaja majina ya vitu vyote vya chumbani. Ni jambo jema. Lakini akifika Muscat kutafuta riziki, au Madina kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1961, hapana atakayemwuliza majina ya vitu. Ataishi na watu, na neno lisilowekwa mahali pake laweza kumfanya aonekane hana adabu. Binti aliyekwenda kutumika nyumbani kwa watu ndiye apatwaye zaidi na mashaka, kwani hana wa kumtetea.

Tutazame neno "tafadhali". Sisi tulilichukua kwa Waarabu tukalifanya la kuomba: tafadhali nipe maji. Mwarabu asemapo "tafaddal" huwa akaribisha: ingia, keti, chukua. Basi kijana wetu aombaye maji kwa neno hilo, mwenyeji humsikia kana kwamba yeye ndiye ampaye. La kuomba kwao ni "min fadlik", na shina la yote mawili ni fadhila.

Haya yaweza kuandikwa ubaoni, watoto wakayanakili na kesho wakayasahau. Bora waachwe wayavumbue. Mtoto mmoja awe mgeni, mwalimu awe mwenyeji, na dele la kahawa litiwe maji. Katika nchi za Ghuba mgeni arudishaye kikombe kimya humiminiwa tena. Aliyetosheka hukitikisa kidogo. Mwalimu asiwaambie. Amimine, amimine tena, hata mgeni asiwe na pa kuyaweka na wenziwe wacheke. Hapo wataulizana: kwani angoja nini huyu? Kisha mwalimu awe mgeni, anywe, akitikise kikombe, nao watazame. Aliyeing'amua ishara hiyo kwa macho yake hana haja ya kuinakili.

Wako wazee wasemao kuwa hiyo ni michezo, na kwamba wao walisomeshwa kwa kuitikia. Katika kuhifadhi Kurani wamesema kweli, maana herufi na makhraj yake hayakisiwi. Lakini muamala wa watu si hivyo. Mwanachuoni wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), alieleza kwa urefu kwamba mtoto hujijengea ujuzi wake mwenyewe. Na sisi hatukuwa na haja ya kungoja Uswisi. Mtume wetu (s.a.w.) aliwauliza Masahaba ni mti gani ufananao na Muislamu, akawaacha wakafikiri miti ya nyikani. Ibn Umar, ambaye habari yake imo katika Sahihi ya Bukhari, alijua moyoni kuwa ni mtende, akaona haya kunena mbele ya wakubwa. (Watoto wetu nao wana haya hiyo, mwalimu mwenye bakora mkononi asitaraji mtoto kukisia kwa sauti.)

Wala jambo hili si la upande mmoja. Mgeni akijikwaa mbele yetu twamwambia "pole", naye hustaajabu, kwani hatukumsukuma. Mwezi huu watoto wamepewa kazi ya kumweleza mgeni maana ya neno hilo. Majibu manne yamekwisha kuja, na hapana mawili yaliyofanana. Tafadhali, wazazi, msiwape jawabu nyumbani.