MENEJA MKUU NA AHESABU MAFUNDI PIA



Mali bila daftari huisha bila habari. Katika stoo hata msumari huandikwa, lakini ujuzi wa fundi mara nyingi hauandikwi popote.

Tazameni reli yetu, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 2006 uchukuzi wa mizigo ulikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25, na wafanya kazi wengi wakapunguzwa. Mkataba ukavunjwa mwaka 2017. Gari moshi la abiria kutoka Nairobi lilirudi Kisumu Desemba 2021. Njia iliyoharibika hutengenezwa. Lakini fundi akipunguzwa huenda shambani na ujuzi wa miaka 20, nao hauagizwi kwa meli.

Basi kazi hii isiachiwe karani wa kuajiri peke yake. Meneja mkuu, anapopanga injini na fedha za miaka mitano, aandike pia: nani atastaafu, kijana gani anajifunza kwake, na mshahara gani utamfanya kijana huyo asihame.

Chama chetu kilidai daftari hilo mezani kabla mtu hata mmoja hajapunguzwa.