Somo la makuta lianzie sokoni

Vijana wetu wengi hapa Likasi wanasomea uchumi. Wanafundishwa kwamba Banki Kuu ikipandisha riba yake, mikopo inakuwa ghali, watu wanapunguza kununua, na bei inatulia. Wanaandika hivyo kwenye mtihani na wanapata alama. Mimi nasema somo hilo, likiishia hapo, si la inchi yetu.

Mwezi wa Agosti 2023, Banki Kuu ya Congo ilipandisha riba yake ya msingi hadi 25%. Riba ya Banki Kuu ya Ulaya wakati ule haikufika hata 5%. Lakini dola iliendelea kupanda, na mama anayeuza bunga kwa meka hakuona nafuu. Sababu ni kwamba karibu 90% ya makuta yaliyo katika banki zetu ni dola, na mikopo vilevile. Banki Kuu inatoa franka, haitoi dola. Dola inatoka Marekani, na huku Katanga inaingia kwa mlango wa shaba na kobalti. Riba ya franka inagusa kipande kidogo tu.

Tena watu hawakukimbilia dola kwa kupenda. Wazee wanakumbuka noti ya zaire milioni 5, ambayo wachuuzi waliikataa mwanzoni mwa 1993. Franka ilipozaliwa mwaka 1998, dola moja haikufika franka 2. Leo tunahesabu kwa maelfu. (Na bado dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa, wakati franka iliyooza inapita!)

Halafu ikaja 2025. Kati ya Septemba na Oktoba dola ilianguka, kutoka zaidi ya franka 2 800 hadi chini ya 2 500, na Banki Kuu ikashusha riba hadi 17,5%. Wengi walishangilia. Lakini angalia nyumba mbili za avenue moja. Mwalimu anayelipwa franka na kulipa nyumba kwa dola, huyo alipumua. Jirani yake, aliyekimbia vita na kuishi kwa dola chache anazotumiwa na ndugu, alipata franka kidogo kuliko mwezi uliopita, na bei ya bunga haikushuka kwa mbio ileile. Nani kati yao alisaidiwa na siasa ya makuta? Swali hilo sijalisikia likiulizwa darasani, nami naliona kubwa kuliko hesabu zote za ubaoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa maprofesa: kila mwanafunzi apewe avenue moja na daftari. Kila juma aandike bei ya meka ya bunga, ya mfuko wa makala, ya nyumba, na dola inabadilishwa kwa ngapi barabarani. Baada ya miezi mitatu aje redioni atuelezee kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha vitabu, alichokiona.

Na asiache kuuliza familia zilizotoka Goma. Banki zilipofungwa kule tangu mwisho wa Januari 2025, noti za franka zikawa adimu, na mwenye akiba banki akabaki mikono mitupu. Wao wana mengi ya kumfundisha mwanafunzi huyo.