Somo Lisilofunguka Halijafundishwa

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo hukaguliwa andalio la somo, zana zake na mwandiko wake wa ubaoni. Huulizwa kama mtoto wa dawati la nyuma aliweza kuyasoma maandishi. Siku hizi sehemu ya ubao imehamia ndani ya kompyuta na simu, lakini swali lile tumeliacha nyuma. Rai yetu ni kwamba hapana budi liulizwe huko pia.

Asubuhi moja tulikwenda Mchafukoge, katika duka la steshenari, kuchapisha jaribio la Hisabati tuliloliandaa nyumbani. Kompyuta ya dukani haikuwa na programu tuliyoitumia sisi. Namba za sehemu ziligeuka visanduku vitupu, na majedwali yakakatika katikati. Tulilipia karatasi zisizofaa, na watoto wakafanya jaribio la kunakiliwa ubaoni. Mwenye duka hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tuliliweka jaribio katika muundo ambao programu moja tu ndiyo iliyoufahamu vema.

Muundo huria wa faili ni ule ambao kanuni zake zimetangazwa wazi, hata mtengenezaji yeyote wa programu aweze kuzifuata. ODF ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, na PDF mwaka 2008. Hapa nchini faida ya uhuria ilionekana mapema: mwaka 2004, kwa mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi yenye amri za Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu ya asili ilikuwa huria.

Hata hivyo, kufunguka si kusomeka. Wakati fulani tulizipiga picha kurasa za kitabu, tukaziunganisha kuwa PDF, tukawagawia wanachuo. Mmoja wao, mwenye uoni hafifu, hakuleta zoezi. Tulimdhania mvivu. Baadaye tulitambua kwamba hutumia NVDA, programu isiyolipiwa iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ambayo humsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Programu hiyo husoma herufi. Picha ya herufi kwake ni ukurasa mtupu. Tulikuwa tumempa karatasi nyeupe, kisha tukamdai majibu.

Ninyi wanachuo mtapangiwa shule za namna nyingi. Katika jiji hilihili, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko hufundisha watoto wasioona pamoja na wanaoona. Yafaa basi kuzoea mambo machache tangu sasa.

Kwanza, jaribu kuliteua neno moja katika faili yako. Likiteulika, hayo ni maandishi. Lisipoteulika, huenda ni picha tu. Pili, vichwa vya habari viwekwe kwa mtindo wa vichwa uliomo katika programu, si kwa kukoza wino tu, ili asiyeona aweze kuruka kutoka sehemu hadi sehemu. Tatu, kila mchoro uandikiwe maelezo mafupi. Nne, usiseme "jibu sahihi ni lile jekundu," kwani rangi peke yake haimfikii kila mtoto. Tano, anayetengeneza ukurasa wa tovuti autambulishe kuwa ni wa Kiswahili. Asipofanya hivyo, sauti ya kompyuta yaweza kuyatamka maneno yetu kwa lafudhi ya Kiingereza. Mengi ya haya yamo katika mwongozo wa kimataifa wa kurasa za tovuti, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1999.

Wapo watakaosema kwamba shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, hivyo mambo haya ni anasa. Sisi twaona kinyume chake. Penye kompyuta moja kuukuu, ndipo faili inapopaswa kufunguka bila kununua programu mpya. Na maandishi halisi huwa mepesi kuliko picha. Mwanafunzi anayehesabu bando lake analijua hilo.

Mwalimu mwema hageuki kutoka ubaoni kabla ya kutazama dawati la nyuma. Na tusitume faili kabla ya kujiuliza: nani hataweza kuifungua, na nani ataifungua asiisome?