Jiji Changa na Kalamu ya Kibali

Katika hoja zinazopendwa na watetezi wa bomoabomoa ya Dar es Salaam, nyepesi kuliko zote ni hii: kwamba jiji lile ni changa, halina la kale la kuhifadhiwa. Kilwa ina magofu yake, Lamu ina vichochoro vyake, Unguja ina Mji Mkongwe. Dar es Salaam, wasema, ina bandari na biashara, basi. Hoja hii hupokewa upesi kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Ni kweli kwamba Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, na kwamba alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulizorota. Lakini uchanga huo ndio hoja ya kuhifadhi. Mji wa karne nyingi ukipoteza nyumba kumi, hubaki na nyingine za kuusimulia. Mji wa karne moja na nusu ukipoteza kumi, umepoteza utoto wake wote.

Sheria nayo haikuusaidia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka: jengo la kabla ya 1863 lilikingwa kwa umri wake, la baadaye lilimngoja waziri alitangaze. Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe likiikabili bandari, ni la takriban mwaka 1866. Lilichelewa kwa miaka mitatu! Kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu, yote yaliyokamilika mwaka 1902, yalichelewa zaidi.

Basi hatima ya jengo lisilotangazwa huamuliwa wapi? Haiamuliwi vitani wala bungeni, bali mezani: kiwanja kinagawanywa, kibali kinatiwa saini, uzio wa mabati unasimamishwa, na baada ya wiki mbili wapita njia hawakumbuki kilichokuwapo. Hakuna aliyekusudia kuua historia. Kila mmoja alitimiza wajibu wa siku yake. Huo ndio msiba wenyewe.

Watajibu kwamba watu wanahitaji mahali pa kuishi na kufanyia kazi, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni tano jijini humo. Jibu hilo lina haki yake. Lakini ghorofa za maduka na ofisi hazimpi makazi mpangaji wa Manzese. Aidha, Boma la Kale lilikarabatiwa likawa kituo cha urithi wa majengo. Halikumzuia mtu kupata riziki.

Linalodaiwa si kubwa: kibali cha kubomoa kisitolewe kabla ya kutangazwa hadharani, na jengo lisiangushwe kabla ya kupimwa, kuchorwa na kupigwa picha. Halmashauri huvunjwa na kuundwa upya; ile ya Jiji yenyewe ilivunjwa Februari 2021. Ukuta wa matumbawe ukishavunjwa, hauna uchaguzi wa kuurudisha.