MATOPE YA MTO WETU, NANI ANAYASOMA?



Mvua kubwa ikinyesha, mnaona namna mto unavyogeuka rangi ya chai hapa chini ya maporomoko ya Wagenia. Ni udongo wetu unaokwenda. Tshopo na Lindi zinaongeza wake, mpaka Atlantiki, na kule chini ya bahari unalala tabaka juu ya tabaka.

Katika ule udongo kuko chembe za chuma, na chuma inajibu sumaku. Mwaka 1997 meli ya watafiti, JOIDES Resolution, ilitoboa matope mbele ya mdomo wa Kongo, wakayapima kwa chombo cha sumaku. Penye chembe nyingi, mara nyingi udongo wa nchi kavu ulikuja mwingi. Mvua ikibadilika, nao unabadilika. Lakini sumaku peke yake si shahidi wa kutosha: katika matope yenye majani yaliyooza, chembe zinaliwa polepole. Basi wanauliza tena chavua na nta ya majani ya zamani. Na kwa mafuta ya bakteria wa udongo yaliyobaki katika matope, tunajua kwamba miaka 20,000 nyuma bonde letu lilikuwa na baridi kupita leo, karibu digri 4.

Juu ya nini ninaandika? Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walipima matope ya pale kwa kemia, wakasema: karibu miaka 3,000 iliyopita udongo uliharibika kupita kiasi cha mvua, ni wakulima wa Kibantu waliokata pori. Mwaka ule ule wengine wakakataa: ni hali ya hewa. Mmeona? Babu zetu wameshitakiwa, wametetewa, na sisi wenye mto hatukujua kama kuko kesi! Kwangu mimi haijaisha. Watu walikuwako, ukame nao ulikuwako.

Mtasema ile ni kazi ya meli na franka nyingi. Ndiyo, meli hatuna. Lakini sumaku mbili ziko katika kabati ya fizika, zinalala, na sisi tunakariri tu juu ya mtihani wa Serikali. Funga sumaku ndani ya sashe, pitisha katika mchanga mkavu wa Lubunga, kisha wa Tshopo, pima chembe nyeusi zilizonata. Tuandike hesabu mbele ya mvua, na tena nyuma yake.

Bwana Prefe, tunaomba ufunguo Jumamosi moja tu. Sashe tutaleta wenyewe.

Mwanafunzi wa 5 Sayansi