Mwanafunzi Aliyegeuka Jitu: Tukichane Kitabu au Tukisome na Watoto?



Wazazi wenzetu na vijana wetu, wiki chache zilizopita lilitokea jambo hapa kwetu Nyakarenzo. Ni dogo, lakini limetufanya tukae chini tuandike. Binti mmoja wa sekondari, mwenye umri wa miaka 15, alikutwa madrasa akiwa ameficha kitabu cha katuni ndani ya daftari lake la fiqhi. Kitabu kilikuwa kimepita mikono mingi hadi jalada limetoka. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na picha ya msichana ambaye mkono wake umevimba na kuwa mkubwa kama mlango wa nyumba. Ustadhi alikichukua akakipeleka kwa wazazi. Baba alipoiona ile picha alisema, "Haya ni mashetani," akataka kukichana papo hapo. Mama akamshika mkono akasema, "Baba Fulani, tukisome kwanza."

Shida ilikuwa moja. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, na baba huyu, kama wengi wa rika lake hapa Rusizi, alisoma shule kwa Kifaransa. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, watoto wetu wanasoma mambo mengi ambayo sisi hatuwezi kuyakagua. Basi ilibidi binti mwenyewe aketi kati ya wazazi wake na kuwafasiria ukurasa kwa ukurasa, mara kwa Kinyarwanda, mara kwa Kiswahili. Sisi tunaoandaa kurasa hizi tuliombwa ushauri siku ya pili yake, nasi tukaomba tukione.

Haya ndiyo tuliyoyakuta na ndiyo rai yetu.

Kitabu kinasema nini?

Kitabu kinaitwa Ms. Marvel, na kilianza kutoka Marekani mwaka 2014. Mwandishi wake ni G. Willow Wilson, mwanamke wa Kimarekani aliyesilimu. Mhariri aliyesaidia kumbuni msichana huyo ni Sana Amanat, Muislamu aliyekulia New Jersey katika familia yenye asili ya Pakistani, na mchoraji wa mwanzo ni Adrian Alphona. Mwaka 2015 kitabu cha kwanza katika mfululizo huo kilipata tuzo ya Hugo, na mwaka 2022 hadithi hiyo ikafanywa mchezo wa televisheni.

Msichana mwenyewe ni Kamala Khan, mwanafunzi wa miaka 16 katika mji wa Jersey City. Wazazi wake ni wahamiaji kutoka Pakistani. Baba hataki aende kwenye sherehe ya usiku pamoja na wavulana. Kamala anatoroka kupitia dirishani. Huko wenzake wanamhadaa kwa kinywaji kilichochanganywa na pombe, anakitema na kuondoka kwa hasira. Njiani ukungu wa ajabu unaufunika mji, anazimia, na anapoamka mwili wake si ule anaoujua. Anaweza kuvimba, kurefuka, kusinyaa na kubadilika sura. Mara ya kwanza anageuka kuwa na nywele za dhahabu na sura ya shujaa mwanamke wa Kizungu aliyekuwa akimtamani siku zote, na hapo hapo anagundua kuwa hakupata raha aliyoitarajia.

Usiku ule ule anamwona msichana mwenzake wa shule, ambaye kazi yake ilikuwa kumdharau yeye na dini yake, ametumbukia majini anazama. Kamala angeweza kuendelea na njia yake. Lakini anakumbuka aya ambayo baba yake huitaja kila anapoona maafa kwenye televisheni, ile ya Suratul Maida kuhusu uzito wa kuua nafsi moja na ujira wa kuiokoa nafsi moja. Ananyoosha mkono, mkono unavimba kama wa jitu, na anamtoa yule msichana majini.

Ndugu msomaji, ule mkono ambao baba yetu wa Nyakarenzo aliuita wa shetani ndio huo. Ulikuwa unamwokoa mtu, na uliongozwa na aya ya Qur'ani aliyoifundisha baba.

Yasiyofaa tuyataje

Hatusemi kuwa kitabu hiki ni cha kusomeshwa madrasa. Kamala anawadanganya wazazi wake. Anatoka usiku bila ruhusa. Mavazi na mahusiano ya baadhi ya watu waliochorwa humo si yale tunayowalea nayo watoto wetu. Na kuna jambo la itikadi: mtoto mdogo aambiwe wazi kuwa hakuna ukungu wala bangili inayompa mtu nguvu, na kwamba nguvu zote ni za Allah (S.W.). Anayekataa kitabu hiki kisiingie nyumbani kwake kwa sababu hizo, sisi hatumlaumu.

Tunachokataa ni kuchana bila kusoma. Kwanza, kuchana hakufuti kitu. Mtoto ambaye kitabu chake kimechanwa leo, kesho ataziona picha zile zile kwenye simu ya mwenzake, na safari hii hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Pili, tunachana nafasi ya kumjua mtoto wetu. Je, tumewahi kujiuliza kwa nini hadithi ya mwanafunzi anayegeuka jitu inawavuta sana vijana, tangu zamani na nchi zote? Hadithi ya Spider-Man, iliyoanza mwaka 1962, nayo ni ya mwanafunzi. Mvulana mpole anapata nguvu za buibui, anazitumia kwanza kujitafutia fedha, anamwacha mwizi apite kwa sababu hayamhusu, na mwizi huyo huyo anakuja kumuua ami yake aliyemlea.

Jibu letu ni hili: hiyo ni hadithi ya kubaleghe.

Mtoto analala na mwili anaoujua, anaamka na mwili mgeni. Sauti inakwaruza, mikono inarefuka kuliko akili, hasira inakuja haijulikani imetoka wapi. Anajiona jitu. Anaona aibu, anajificha. Sisi Waislamu tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, maana sheria yetu imeliwekea alama. Kabla ya hapo kalamu haiandiki madhambi yake, baada ya hapo sala, saumu na kila tendo ni hesabu yake mwenyewe. Nguvu na dhamana vimeletwa pamoja. Sasa tujiulize, wangapi kati yetu tumekaa na watoto wetu tukawaambia jambo hili kwa upole, kabla kitabu cha katuni hakijawaambia?

Nguvu ni zile zile, njia ni mbili

Kwetu Rusizi jambo hili si la kuchezea. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mikono iliyoua ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya vijana. Interahamwe lilikuwa tawi la vijana la chama kilichotawala. Walikuwa na nguvu za mwili, na mtu mzima akawaambia wazitumie wapi.

Ni haki kukumbuka kwamba Waislamu wa Rwanda wanatajwa kwa wema katika siku zile, maana wengi waliwaficha majirani zao majumbani na misikitini. Tunajivunia, na tunawasimulia watoto. Lakini tusiwasimulie nusu. Yussuf Munyakazi, mkulima wa Bugarama, hapa hapa katika wilaya yetu, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha mwaka 2010 kifungo cha miaka 25 kwa kuongoza Interahamwe katika mauaji ya parokia za Shangi na Mibilizi mwishoni mwa Aprili 1994. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2011. Jina lake ni jina tunalowapa watoto wetu. Kumbe jina zuri peke yake halimkingi mtu asigeuke zimwi. Kinachomkinga ni kile kilichopandwa moyoni mwake kabla ya siku ya mtihani.

Upande wa pili tuna Bibi Zura Karuhimbi wa Musamo, Ruhango, aliyefariki Desemba 2018. Mwaka 1994 alikuwa tayari mtu mzima sana, hana silaha, ana nyumba ndogo tu. Ndani yake alificha watu wanaotajwa kuwa zaidi ya 100. Majirani walimdhani kuwa ana nguvu za kutisha, naye akaitumia dhana hiyo. Wauaji walipofika aliwatishia kuwa wakiingia wataangukiwa na ghadhabu ya mizimu. Alitikisa bangili zake. Alijipaka yeye na kupaka nyumba majani yanayowasha ngozi, ili atakayegusa aamini kuwa amelaaniwa. Wenye mapanga wakarudi nyuma. Mwaka 2006 alipewa nishani ya taifa kwa kupinga mauaji ya kimbari.

Ndugu zetu watauliza: je, si uchawi huo, na uchawi si haramu? Uchawi ni haramu, hapo hakuna mjadala. Lakini Bibi Zura mwenyewe alikuja kueleza kwamba hakuwa na nguvu zozote, kwamba aliamini Mungu mmoja tu, na kwamba habari ya nguvu ilikuwa kisingizio cha kuokoa maisha. Hakuwa na mkono wa jitu. Alikuwa na bangili, majani ya porini na moyo usiokubali jirani auawe. Kama tunataka kuwapa watoto wetu shujaa wa nguvu za ajabu, huyu hapa, wa nchi yetu, na habari zake si katuni.

Nguvu za leo

Vijana, tuwageukie ninyi. Mnaweza kusema 1994 hamkuwa mmezaliwa. Ni kweli. Lakini leo kila mmoja wenu mwenye simu ana mkono unaofika mbali kuliko wa Kamala. Kwa kidole kimoja unaweza kusambaza picha ya aibu ya mwenzako darasa zima kabla ya adhana ya magharibi. Unaweza kumpachika mtu jina la mnyama, na nchi hii inajua watu waliopachikwa majina ya wadudu walifikishwa wapi. Unaweza pia, kwa kidole hicho hicho, kumwandikia yule anayechekwa ukamwambia, "Kesho njoo tukae pamoja." Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu hasa si mshindi wa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Hilo ni somo la majitu wote.

Tunashauri nini?

Kwanza, mzazi asome na mtoto, hata kama ni mtoto ndiye anayefasiri. Si aibu. Baba wa yule binti alituambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kumsikia mwanawe akizungumza saa nzima.

Pili, kila hadithi ya nguvu iulizwe maswali matatu: nguvu hizi zimetoka kwa nani, zimemsaidia nani, na nani ameumia? Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyajibu. Akizoea kuyauliza katika katuni, atayauliza na siku atakapoitwa na kundi.

Tatu, walimu wetu wa madrasa watenge darasa la vijana wanaokaribia kubaleghe, wavulana mbali na wasichana mbali, lifundishwe kwa upole na bila vitisho.

Nne, tuwasimulie watoto historia yetu yote, ya walioficha na ya walioua.

Tumalizie kwa jambo lililotugusa zaidi katika kitabu kile na katika nyumba ile. Katika toleo moja la mwaka 2015, Kamala anaamua mwisho kumwambia mama yake siri yake. Mama anamjibu kuwa alikwisha jua. Alikuwa anajua muda wote, akimngoja aje mwenyewe, na hamfukuzi.

Baba wa Nyakarenzo alimuuliza binti yake kwa nini alikificha kitabu. Binti akasema, "Baba, nilijua ungekichana kabla hujaniuliza." Baba alinyamaza. Kisha akamrudishia kitabu mkononi, akamwambia, "Basi nisomee na kilichobaki. Nisichokipenda nitakwambia."

Hajamruhusu kila kitu, na hakupaswa. Lakini mlango sasa uko wazi, na mtoto ambaye mlango wa baba yake uko wazi hana haja ya kutokea dirishani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.